Kinu Kiliponyamaza

Kwenye rafu iliyo kando ya kitanda changu kuna kitabu cha historia ambacho alama yake ya ukurasa ni noti ya shilingi 500. Upande mmoja una sura ya Mzee Abeid Amani Karume, upande wa pili una Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Benki Kuu iliiondoa noti hiyo kwenye mzunguko mwanzoni mwa mwaka 2025. Wenzangu walikwenda kubadilisha za kwao. Mimi nikabaki na hii moja. Mjukuu wangu wa kike, ambaye yuko mwaka wa tatu pale pale chuoni akisoma sayansi, aliichomoa siku moja akacheka.

"Babu, hii hata karanga haikununulii."

Kweli hainunui kitu. Lakini katika ukumbi ule nilipiga makofi, nikazomea, nikasimamia mitihani, nikasikiliza hotuba ambazo nusu yake nimezisahau. Nilimsimulia hayo yote jioni nzima, naye akanivumilia kama wajukuu wanavyovumilia. Nilipomaliza akauliza, "Sasa babu, katika miaka yote hiyo, nyinyi mligundua nini?"

Hilo ni swali la mtu wa maabara. Sisi wa historia hatujazoea kuulizwa hivyo. Tumezoea kuulizwa tunasimamia upande gani. Nilimjibu kwa kukohoa na kuomba chai. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuna swali lake, na haya ninayoandika ni jibu nililochelewa kumpa, yeye na wenzake waliorithi madarasa yetu.

Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, pale tunapopaita Mlimani, na mwaka huohuo kikafunguliwa Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii. Kitivo cha Sayansi kikafuata mwaka 1965. Mimi nilipanda mwaka 1967, na sanduku la bati nililopewa na mjomba, mtoto wa Kipatimu katika milima ya Matumbi niliyesomeshwa na misheni. Azimio la Arusha lilikuwa na miezi michache tu. Oktoba ya mwaka uliotangulia karibu wanafunzi 400 walikuwa wamefukuzwa kwa kuandamana wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hiyo tulioingia baada yao tuliingia tumeinamisha vichwa. Tulijua kwamba wali tunaokula unatoka kwenye kodi ya watu wasiokula wali, na tuliambiwa hivyo mara nyingi, ikiwa tungesahau.

Usiku wa Mlimani ulikuwa wa maneno. Baada ya chakula ungesikia sauti zikipanda: ubeberu, vita vya ukombozi vya Msumbiji, nani hasa ni mfanyakazi na nani anajifanya. Walter Rodney, kijana wa Guyana aliyepata shahada ya uzamivu akiwa na miaka 24, alifundisha historia pale, akaondoka, akarudi mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoididimiza Afrika kilitoka mwaka 1972, akiwa bado nasi. Issa Shivji alikuwa kijana wa sheria. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi kama sisi. Jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche lilitikisa chuo kwa mwaka mmoja hivi kabla halijapigwa marufuku mwaka 1970, na mhariri wake, Karim Hirji, hakusomea siasa wala historia. Alikuwa mwanafunzi wa hisabati.

Namtaja Hirji makusudi, kwa sababu yeye aliuruka ukuta ambao wengi wetu tuliuegemea. Katika chumba changu bwenini tulikuwa wawili, mimi na kijana wa fizikia kutoka Kagera. Mchana wote alikuwa maabara. Jioni, mjadala ulipopamba moto, alikuwa akipiga miayo. Nilimtania: "Nyinyi mnapima, sisi tunafikiri." Hakunijibu. Alijilaza, akageukia ukuta, akalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi.

Ni yeye aliyenisimulia kwa mara ya kwanza kisa ambacho baadaye kilisomwa duniani kote. Nilikisikiliza kwa sikio moja, kama kichekesho. Sasa naona kilikuwa somo kubwa kuliko mengi niliyoyaandika kwa bidii kwenye madaftari.

Mwaka 1963, katika sekondari ya Magamba kule Lushoto, wavulana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Kijana aliyeitwa Erasto Mpemba aliona nafasi ndani ya friji inakwisha. Akisubiri yapoe atakosa. Akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Mwenzake mmoja aliingiza maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu walifungua: ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado yalikuwa mazito kama uji. Akamuuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena. Huko akapewa jina: kila alipokosea hesabu, darasa lilisema hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Kisha Denis Osborne, aliyefundisha fizikia Mlimani, akaenda Mkwawa kutoa mhadhara. Mwishoni akakaribisha maswali. Mpemba akasimama mbele ya wenzake na kuuliza kwa nini maji yenye joto la nyuzi 100 huganda kabla ya maji yenye nyuzi 35 ukiyaweka pamoja kwenye friji. Ukumbi ukacheka. Osborne naye hakuamini, lakini alifanya jambo dogo ambalo wakubwa wengi hushindwa kulifanya: aliahidi kwenda kujaribu. Akarudi Dar es Salaam, akampa kazi fundi wa maabara. Fundi akaja na taarifa kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, ila asiwe na wasiwasi, ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi!

Mwaka 1969 mwalimu na mwanafunzi walitoa makala pamoja katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza, majina yao mawili yakiwa juu yake. Wanafizikia wanabishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kila mara, na kama hutokea, kwa nini. Mpemba mwenyewe akaenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka. Dunia inaliita jambo lile kwa jina lake, jina lilelile walilomcheka nalo.

Hebu fikirieni. Usiku tulikuwa tukipigania Afrika kwa midomo, na katika jengo la jirani fundi alikuwa akitia maji ya moto kwenye friji kwa sababu ya swali la kijana wa sekondari. Sikumwona. Hata ningemwona, nisingesimama.

Lakini sisi wa historia nasi tulikuwa na friji yetu.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ilianza kuwatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji. Hadi wakati ule, mengi yaliyoandikwa kuhusu vita hivyo yalitoka kwenye majalada ya Wajerumani waliovizima. Gilbert Gwassa, Mtanzania, na John Iliffe, Mwingereza, walikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, na wazo lake lilikuwa jepesi: waliokuwepo bado wako hai, twende tukawaulize. Leo jambo hilo halimshangazi mtu. Wakati ule kulikuwa na maprofesa Ulaya waliosema wazi kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa.

Mimi nilipelekwa kwetu, na kwetu ndiko moto ulikoanzia. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa mimea ya pamba waliyolazimishwa kulima. Siku chache baadaye, tarehe 4 Agosti, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa, akanyongwa Mohoro. Vita vilienea kusini nzima hadi mwaka 1907, kisha ikaja njaa ambayo wazee wa kwetu waliiita fugufugu.

Nilikuwa na daftari la jalada gumu, maswali yaliyopigwa chapa, na viatu vilivyokuwa vikimeta kabla ya kupanda kile kilima. Mzee niliyemwendea alikuwa amekaa barazani akisuka ukili. Uani, mwanamke mzee alikuwa akitwanga mtama. Nikaamkia, nikaketi, nikafungua karatasi, nikasoma swali la kwanza. Mzee hakuinua macho kutoka kwenye ukili wake.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia.

"Babu yako alizikwa wapi?"

Nikamtajia.

"Nani walimshusha kaburini?"

Sikujua.

"Nenda kaulize hilo kwanza," akasema. "Ya Wajerumani hayakimbii."

Nilitembea saa mbili hadi kwa shangazi yangu, nikaketi jikoni, nikauliza. Alinitajia majina manne, akalia kidogo, akanipa mihogo ya kuchemsha. Kesho yake nilirudi na majina yangu manne. Mzee akayapokea moja moja, akatikisa kichwa kwenye la tatu, akanieleza kwa nini shangazi alikosea. Ndipo akaanza kuzungumza, akazungumza mpaka kivuli cha nyumba kikavuka ua. Nilijaza kurasa 31.

Baadaye nilifundishwa darasani jinsi ya kumpima shahidi: alikuwepo au alisimuliwa, anafaidika na nini, nani mwingine alisema hivyo. Yote hayo mzee alikuwa amenifundisha kwa kaburi la babu yangu, bila ubao.

Nikiitazama ile miaka sasa, naona kwamba kila jambo la maana lililotoka kilimani lilianza kwa mtu kushuka. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthiliya yake Kinjeketile, na vita vile vya kwetu vikapanda jukwaani kwa Kiswahili, kisha vikaingia sekondari, watoto wa Bukoba na wa Mtwara wakavisoma kama vyao. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyorithi kazi ya kamati ya lugha ya mwaka 1930, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kamusi ile ilikuwa ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wangu aliweza kutafuta maana ya neno bila kupitia London. Kazi ya miaka mingi, watu wachache, na neno lenyewe limetoka kwa mvuvi, mwashi au mkunga aliyelisema bila kujua kwamba kuna mtu anasikiliza.

Na wale wa sayansi, niliowatania kwamba wanapima tu, walishuka mbali kuliko sisi. Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea, aliufanya mwani kuwa kazi ya maisha yake wakati wengi wetu tuliona ni takataka za baharini zinazonasa kwenye miguu. Alizunguka pwani yetu kutafuta aina zinazoota, akajaribu namna ya kuzilima, akasema kwa miaka kwamba mmea ule ni mali. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Wanaume wengi walijaribu, wakaona malipo madogo, wakarudi kwenye ngalawa. Wanawake wakabaki.

Nilikwenda Paje miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, kumsindikiza mjukuu huyuhuyu kwenye ziara ya masomo. Maji ya bamvua yalikuwa yamekupwa hadi mbali, bahari ikageuka shamba. Vigingi vimesimama kwa mistari, kamba zimetandwa kati yao, na kwenye kila kamba vichane vya mwani vimefungwa kwa vikamba vyembamba. Mama mmoja aliyekuwa ndani ya maji mpaka magotini alimwonyesha mjukuu wangu kichane kilichopauka, laini kama ngozi ya mtu aliyekaa majini mno.

"Hii ni kotoni," alisema. "Zamani ilikuwa inakubali hapa. Sasa maji yamekuwa moto, inaoza. Nyie wasomi mnasemaje?"

Wasomi wanasema jambo, na wamelisema baada ya kusikiliza swali hilo. Dkt. Flower Msuya, aliyefanya utafiti wake katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ambayo ni sehemu ya chuo chetu, kwa miaka mingi amefanya kazi na wakulima hawa: kupeleka kotoni kwenye kina kirefu ambako maji ni baridi zaidi, na kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine za mwani badala ya kuuza majani makavu kwa bei ya kutupa. Kotoni ndiyo yenye bei nzuri na ndiyo inayokufa kwa joto. Ile nyingine, spinosum, inavumilia lakini haina bei. Hapo ndipo utafiti ulipo. Kwa wale akina mama swali si la kitaaluma. Ni sare ya shule, ni bati la paa.

Nina mfano mwingine, mdogo kwa umbo. Mwaka 1996, katika korongo la Mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, ambako bwawa la umeme lilikuwa likijengwa, wataalamu walikuta chura ambaye sayansi haikuwa imemsajili. Alikuwa akiishi kwenye eneo la hekta chache tu, pale manyunyu ya maporomoko yanapolowesha majani usiku na mchana. Hatagi mayai, huzaa vichura vilivyokamilika. Kim Howell wa idara ya zuolojia hapa Mlimani alikuwa miongoni mwa waliomweleza chura huyo kwa ulimwengu. Mwaka 2000 mitambo ilianza kazi, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mashine za megawati 180, manyunyu yakakatika. Vyura karibu 500 walichukuliwa wakiwa hai wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Waliobaki walinyunyiziwa maji kwa mabomba; kwa muda walionekana kupona, kisha mwaka 2003 wakafa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 wakatangazwa kwamba hawapo tena porini.

Nakumbuka utani wa wakati ule. Chura na umeme, wewe unataka kipi? Nilikuwa miongoni mwa waliocheka, kwenye meza ya chai ya walimu, mimi mwalimu wa historia ambaye maisha yangu yote nililalamika kwamba watu wadogo hawaandikwi.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege, wakawekwa kwenye maabara ya kuzalishia hapa chuoni. Baadaye wakaanza kurudishwa korongoni kwao. Rafiki yangu wa idara ile alinipeleka siku moja kuwaona. Tulivua viatu, tukavaa vingine vya mpira, tukakanyaga dawa ili tusiingize maradhi. Ndani kulikuwa na joto la unyevu na sauti ya matone. Nilitazama kwenye kioo kwa muda mrefu nikidhani ni majani matupu. Kisha jani moja likapumua. Chura alikuwa na rangi ya haradali, mwili wake haukufika urefu wa kidole changu cha mwisho hadi kiungo cha kwanza, na ngozi ya tumbo lake ilikuwa nyembamba kiasi cha kuona giza la ndani. Alikuwa mjamzito. Nilishusha pumzi nikatoka nje, sikusema utani tena.

Basi mjukuu wangu, hayo ndiyo tuliyogundua, au tuseme hayo ndiyo waliyogundua walioshuka. Sasa nikwambie tulichopoteza, maana mzee asiyetaja deni lake anajisifu tu.

Miaka ya 1980 ilitukuta vibaya. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, mafuta yalipangiwa foleni, chaki ilihesabiwa. Mshahara wa mwezi uliisha katika wiki mbili. Wengine tulifuga kuku nyuma ya nyumba za chuo, na nakiri nilisahihisha mitihani mingi nikiwa na harufu ya banda. Wenzetu wengi wazuri walikwenda kufundisha Botswana na kwingineko. Sikuwalaumu wakati ule, wala siwalaumu leo. Lakini ndipo kitu kikakatika: tukaacha kwenda vijijini, kwa sababu gari halina mafuta, na tukaanza kufundisha maelezo yaleyale kila mwaka. Daftari langu la mihadhara liligeuka rangi ya chai.

Hapo ndipo alipozaliwa mnyama ambaye nyinyi mnamwita desa. Msidhani mlimbuni nyinyi. Mwanafunzi hanakili maelezo ya mwenzake wa mwaka jana isipokuwa amegundua kwamba mwalimu atasema yaleyale mwaka huu. Desa ni ushahidi dhidi yetu.

Kisha milango ikafunguliwa. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi, vyuo vikaongezeka, watoto wa wakulima wakaingia kwa maelfu. Ni jambo la haki, na mtu asinisikie nikikitamani kile chuo kidogo cha wateule. Ila mhadhara wa watu mia sita haufanani na semina ya watu kumi. Mjukuu wangu ananiambia mwaka wa kwanza alikaa nyuma kabisa, mwalimu akionekana ukubwa wa kidole, sauti ikitoka kwenye spika. Anajua bumu, ile posho ya mkopo, linaingia lini, anajua nani ana supu, yaani mtihani wa marudio, na nani kadisko, yaani kaondolewa chuo kwa kufeli. Lakini nilipomuuliza ni maswali mangapi aliyouliza darasani katika miaka mitatu, alifikiri, kisha akasema, "Mawili." Na walimu vijana wa vyuo vyetu vyote wanapimwa kwa idadi ya makala, nyingi kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mama wa Paje hatayaona. Utafiti umekuwa kitu cha kupandia cheo na kufundisha kumekuwa kile kinachokuchelewesha kuandika.

Wakati wa Osborne na Mpemba hayo mawili yalikuwa kazi moja. Mhadhara ulizaa swali, swali likazaa jaribio, jaribio likazaa makala, na makala ikamrudia aliyeuliza. Kamba ile ilikatikia mikononi mwa kizazi changu. Naweza hata kukutajia siku ilipokatika kwangu.

Ilikuwa mwaka 1986. Nilikuwa nikiongoza semina ya mwaka wa tatu juu ya Maji Maji, na nilikuwa nimeleta daftari langu la jalada gumu ili niwaonyeshe vijana namna kazi ilivyofanyika. Nilijisikia vizuri. Binti mmoja kutoka Lindi, mkimya, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwenye daftari hilo mlihoji wanawake wangapi?"

Wavulana wawili wakacheka. Nami nikasema neno ambalo nimelisikia likinirudia mara nyingi usiku: "Tubaki kwenye mada."

Nyumbani nilifungua daftari. Nilikuwa nimehoji watu tisa. Wote tisa wanaume. Nikaanza kusoma kurasa 31 za yule mzee wa barazani, moja baada ya nyingine, nikitafuta japo jina la mwanamke. Kwenye ukurasa wa 22, pale mzee anapoanza kueleza fugufugu, jinsi watu walivyochimba mizizi ya mwituni na jinsi watoto walivyoachwa njiani, mwandiko wangu unakatika. Kuna mstari mmoja kwa Kiingereza, ndani ya mabano, unaosema kwamba tulikatizwa. Kisha mazungumzo yanaendelea.

Nikakumbuka. Sauti ya kinu uani ilinyamaza. Yule mama mzee aliyekuwa akitwanga alisimama na mchi mkononi, akasema maneno, si mengi, pengine sentensi tatu, kwa Kimatumbi, lugha ninayoijua tangu kuzaliwa. Mzee akampungia mkono. Nami nikasubiri kwa adabu, kalamu juu, mpaka amalize. Mchi ukaanza tena. Mwaka 1905 mama yule alikuwa msichana wa miaka kumi na kitu. Kama kuna mtu katika ua ule aliyeibeba njaa ile tumboni mwake akiwa mtoto, ni yeye.

Nilirudi kijijini mwaka 1987. Mzee alikuwa amefariki, yule mama wa kinu naye alikuwa amefariki, nyumba imebaki kichuguu chenye mbono umeota juu yake. Yule binti wa Lindi alimaliza masomo yake vizuri. Sikuwahi kumwomba radhi.

Wiki iliyopita nilimwonyesha mjukuu wangu ukurasa ule wa 22. Noti ya shilingi 500 ndiyo inayouwekea alama, kwa sababu kitabu nilichokitaja mwanzoni si kitabu cha dukani, ni lile daftari. Aliusoma mstari wa Kiingereza mara mbili.

"Alisema nini, babu?"

"Sijui."

"Lakini ulikuwepo."

Nilikuwepo. Mzee wa ukili alinifundisha siku ileile kuuliza nani alikuwepo, wala hakunionya kwamba mtu anaweza kuwepo na asisikie.

Mwezi ujao, bamvua likifika, mjukuu wangu anakwenda Paje kwa utafiti wake wa mwisho. Amenisomea maswali yake, ishirini na manne, yamepangwa vizuri. Nimemwomba aongeze ukurasa mmoja mtupu nyuma ya kila karatasi, kwa ajili ya yale atakayotaka kuyaita usumbufu.